Pikipiki Iliyokufa Kuria

Mnaniambia nikae nipumzike, eti nimefanya kazi ya kutosha. Kukaa ndiko kunakoniumiza. Pikipiki ikipita hapo nje nasimama kabla sijajua nimesimama. Kabla haijafika kwenye kona nimeshajua mnyororo umelegea na plagi imejaa masizi, kisha nabaki hapo mlangoni, mikono mitupu, kama mtu aliyesikia jina lake na asimwone aliyemwita. Hata haya naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya benchi, nikienda dirishani na kurudi. Ninyi mnaoshika spana sasa mtanisamehe nikiruka huku na huku. Kichwa changu hakijawahi kwenda kwa mstari.

Nianze na betri, maana vijana wote huanza na betri na wote hukosea hapo.

Pikipiki za ujana wangu, zile za Kiingereza za silinda moja, zilikuwa za aina mbili. Nyingine zilijitengenezea cheche zenyewe; betri ikifa, unakosa taa tu, safari inaendelea. Nyingine zilitegemea betri kwa kila kitu. Hizo za pili ndizo zilizonizeesha. Betri inatoa umeme wa kuwasha injini, injini inazungusha dinamo, dinamo inairudishia betri ilichotoa. Mduara huo ukikatika mahali popote, mwenye pikipiki hajui siku hiyo. Anaendelea na safari zake, betri inapungua kidogo kidogo, na asubuhi moja anapiga kiki mpaka jasho linamtiririka na injini haijibu neno. Basi anakuja kwako na kusema, "Betri imeharibika." Usimwamini. Betri imekufa njaa. Kazi yako ni kujua nani hakuipelekea chakula.

Kwanza bonyeza honi. Honi ndiyo kipimo cha maskini: ikilia kwa nguvu betri ina uhai, ikikoroma betri imechoka, ikinyamaza tafuta waya kabla hujalaumu betri. Halafu fungua dinamo. Angalia kaboni zake mbili kama zimeisha, futa shaba kwa kitambaa chenye petroli, na katika mifereji ya shaba hiyo pitisha kijiti chembamba, usipitishe chuma. Unganisha nyaya mbili za dinamo, shika balbu kati yake na bodi, mtu azungushe injini polepole. Balbu ikiwaka, dinamo ni nzima, ifunge uiache. Usipandishe moto wa injini kwa furaha, utaunguza balbu, nimeunguza nyingi.

Mwisho angalia mshale wa kipimo cha chaji pale kwenye taa ya mbele. Ukiegemea upande mmoja chaji inaingia, ukiegemea upande wa pili inatoka. Kumbukeni basi kwamba ili mshale uone chaji, lazima waya utoke chini ya kiti, ufike kwenye taa, urudi tena. Na njiani unapita shingoni, pale usukani unapogeukia. Mimi nilijua hivyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na haikunisaidia kitu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kalasinga mmoja wa Kitale, Fundi Kartar, mtu mkubwa mwenye ndevu za kijivu na vidole vinene ambavyo viliweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi. Hakupiga kelele. Ukikosea alikuwa anakutazama tu, halafu anatazama ulichofanya, halafu anakutazama tena, mpaka unatamani akupige. Mara moja nilichukua tupa nikasugua ncha za kile kisanduku kinachoongoza chaji, nikidhani nazisafisha. Nilizisugua mpaka zikang'aa kama sarafu mpya. Siku ya pili betri ya mteja ilichemka, maji yake yakamwagika kwenye suruali ya Jumapili ya mwenyewe, suruali ikatoboka. Fundi Kartar aliniita.

"Mbugua. Nani sugua hii?"

"Ni mimi, Fundi."

"Iko chafu?"

"Kidogo."

"Uso yako pia iko chafu. Mimi sugua na tupa?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Lakini kitu alichonifundisha ambacho ningekiandika ukutani ni kile alichosema kila mteja alipoondoka: "Wewe nauliza sana 'nafanya nini, nafanya nini'. Mtu hapana jua nafanya nini. Ungejua, hangekuja. Wewe uliza wapi. Pikipiki nakufa wapi?" Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona nimeiva. Niliona ni maneno ya mzee anayependa hadithi za safari. Kuuliza mtu alipokuwa, badala ya kufungua mashine! Mikono yangu haikuweza kungoja. Mteja akiwa bado anashuka nilikuwa nimeshafungua skrubu mbili.

Sasa nifike kwa Wekesa.

Wekesa alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtu wa Bungoma, mrefu, mwembamba, kofia ya kaki na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Sisi sote tulimwita Daktari ingawa yeye alikataa. Alipewa pikipiki kuukuu iliyokuwa imepita mikononi mwa watu watatu, na mfuko wa dawa wa ngozi, na kila siku ya juma alikuwa na upande wake. Jumatatu Kiminini. Jumanne ng'ambo ya mto, kule panapoitwa Moi's Bridge sasa. Alhamisi Kachibora.

Na Kachibora ndiko alikokuwa mama yangu.

Wazazi wangu walitoka Kikuyuni kabla sijazaliwa wakaja kulima Trans-Nzoia. Baba alikufa, mama akabaki na shamba lake dogo la mahindi juu ya Kachibora, hapo njia inapoacha barabara na kupanda kilima. Mwaka ule alikatwa na jembe juu ya mguu, karibu na vidole. Alifunga majani, akaendelea kulima. Nilipoenda kumtembelea kidonda kilikuwa donda, na donda lilikuwa linanuka. Nikamwambia twende hospitali Kitale. Akasema dada yake alienda hospitali na miguu miwili akarudi na mmoja, yeye haendi. Nililia, nilifoka, niliita watu wa kanisa. Haendi.

Wekesa ndiye aliyepata njia. Alimwambia, "Mama, kama hutaki kwenda kwa dawa, dawa itakuja kwako. Rakini ni kira Arhamisi. Nikikosa moja, si shida. Nikikosa mbiri, tatu, huo mguu mimi siwezi tena. Watakata." Aliniita mimi pembeni akasema maneno yale yale, polepole. Kuoshwa na sindano, kila Alhamisi, mpaka nyama mpya ijae.

Kwa hiyo mnaona. Mguu wa mama yangu ulikuwa umepanda pikipiki kuukuu, na fundi wa pikipiki hiyo nilikuwa mimi.

Alhamisi tatu za kwanza alifika. Ya nne hakufika. Ijumaa asubuhi pikipiki ililetwa gereji juu ya lori la mahindi, Wekesa amekaa kando yake, soksi zimejaa matope.

"Fundi, hii kitu inakufa," akaniambia. "Inakufa kuria."

Niwaeleze sasa, maana hapa ndipo kila kitu kinaning'inia. Kwa lugha ya mama yangu, kuria ni kula. Sikuwaza mara mbili. Neno liliingia sikioni likakuta kiti chake kimeshaandaliwa, likakaa. Inakufa kula! Betri haili chaji! Nilifurahi hata. Nilimwona Wekesa kama mtu anayejua pikipiki. Nikaishusha, nikapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma kama haijawahi kuumwa. Wekesa akatazama chini kwa aibu.

"Warahi jana niripiga mpaka mguu ikaisha," akasema. "Sasa bosi wangu ataona mimi ni mvivu."

"Usijali, Daktari. Haili vizuri. Nitaifanya ile mpaka ishibe."

"Eeh, ni kuria tu. Mahari kwingine haina shida."

"Nimekusikia."

Nikafungua dinamo. Kaboni zilikuwa zimebaki nusu, nikaweka mpya. Nikasafisha shaba, nikajaribu kwa balbu, balbu ikawaka njano safi. Betri nikaiongezea maji ya mvua. Kisha nikaizungusha mzunguko wa gereji, ule tuliouzungusha kila pikipiki iliyotengenezwa: unatoka langoni unakata kushoto, unafika relini unakata kushoto, unapita maghala ya mahindi unakata kushoto, na kushoto tena uko nyumbani. Ni mzunguko mzuri. Hukatizi mbele ya gari la mtu hata mara moja. Pikipiki haikukohoa.

Wekesa akaichukua, na Alhamisi iliyofuata akakwama tena. Alhamisi ya pili hiyo mama amekaa nje na mguu wake, akitazama barabara.

Safari hii alikuja amekasirika, nami nilikuwa sijalala vizuri.

"Fundi, nirikuambia nini? Inakufa kuria! Bado inakufa kuria!"

Mmoja wa mafundi, mtu aliyewahi kukaa kwa watu wa Bungoma, alikuwa anapita na gurudumu. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa zawadi, "Hawa wakisema r ni l, bana. Anasema kulia."

Nikajipiga paji la uso. Kulia! Honi! Imekufa kulia, haitoi sauti, maana yake betri haina nguvu. Na kama honi imekufa wakati dinamo ni nzima, basi waya wa honi unakula umeme wote mahali fulani. Akili yangu ilikimbia kama mbwa aliyefunguliwa. Niliifungua honi yote. Nikaikaza ile skrubu ya nyuma robo mzunguko, nikasafisha kitufe chake, nikabadilisha waya wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilipobonyeza, punda wa mtu alikata kamba huko sokoni. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma.

"Sikiliza hiyo, Daktari!"

Wekesa aliinamia honi. "Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana. Watu watahama barabara." Akabonyeza yeye pia, mara moja, kwa heshima. "Rakini Fundi, si hata kwanza hii ririkuwa rinaria?"

"Haikuwa inalia hivi."

"Eeh. Hivyo, hapana."

Nikaizungusha mzunguko wangu wa kushoto. Haikukohoa.

Miaka mingi baadaye nilihamia Bungoma, nikawa na banda langu karibu na stesheni ya reli, na huko ndiko nilikojifunza kusikia. Mwanamke mmoja aliyeuza maharagwe alikuwa akinipita kila asubuhi akiniambia, "Fundi, umerara?" nami nikajifunza kujibu, "Nimerara, mama." Huko pia kulikuwa na mwalimu wa misheni aliyejaza betri yake maji ya paa la mabati kwa miezi sita, kutu na mavi ya ndege na kila kitu, halafu akaniambia betri za siku hizi hazina imani. Maji ya mvua, vijana, ni yale yaliyoanguka moja kwa moja kwenye chombo safi cha udongo au cha glasi. Nilimweleza. Akaandika kwenye daftari. Mwezi uliofuata alileta maji ya mvua aliyoyachuja kwa soksi. Lakini Bungoma ilikuja baadaye, na nilichojifunza huko nilikihitaji hapo Kitale, Jumatatu ile.

Jumatatu ile Wekesa alikuja akiisukuma. Ilikuwa imezima kwenye lango lenyewe la hospitali, mkubwa wake akiwa amesimama barazani. Mkubwa alimwambia wazi: ikikwama mara moja zaidi, pikipiki inapelekwa kwingine na yeye anarudi kufunga vidonda wadi ya wanaume. Watu wa Kachibora wangejua wenyewe. Aliniambia hayo bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliegemeza pikipiki, akavua kofia, akasema, "Ni mguu ya mama yako, Fundi. Si yangu."

Nilichukua bisibisi. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena. Sikujua pa kuingilia. Kila kitu nilikuwa nimeshakifungua. Nikaanza kuisukuma ndani ya banda, na hapo Fundi Kartar akanena kutoka alipokuwa amekaa na kikombe chake cha chai.

"Mbugua. Nakufa wapi?"

"Fundi, nimejaribu dinamo, nimejaribu..."

"Hapana uliza wewe najaribu nini. Nakufa wapi?"

Niligeuka kwa Wekesa kwa sababu tu sikuwa na la kufanya. "Daktari, inakufa wapi?"

"Kachibora. Pare njia ya kwa mama inaingia."

"Kwingine?"

"Kiminini, kwa kanisa. Na reo kwa geti ya hosipitari."

Nilichutama nikachora kwa bisibisi kwenye vumbi. Hii barabara ya Kachibora, hii njia ya kwa mama. Hii barabara ya Kiminini, hili kanisa. Hili lango. Niliona mistari yangu mitatu, na mkono wangu ukasimama.

"Ukifika hapo," nikasema, "unakata upande gani?"

Wekesa alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake wa tumbo moja. Kisha akalipuka.

"Upande gani? Si nimekuambia kuria! Siku ya kwanza, kuria! Siku ya piri, kuria! KURIA!" Na akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya pua yangu, vidole vimetawanyika. "Huu! Huu! Mkono ya kura ugari!"

Fundi Kartar aliweka kikombe chini. Nadhani alitaka kucheka, lakini aliuona uso wangu akaacha.

Mnaelewa sasa? Sisi watatu tulikuwa tunasema Kiswahili, na hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa nacho. Wekesa alikivaa kama shati la Bungoma, Fundi kama koti la Punjab, mimi nilikivaa juu ya Kikuyu na Kikuyu kikachungulia mikononi. Neno moja lilitoka kinywani mwa mtu yule na maana moja tu, mkono wa kulia, nami nikalisikia kula, kisha nikalisikia kulia kwa honi, na mara zote mbili nilikwenda kuifungua pikipiki badala ya kumwangalia mtu usoni na kusema, Nionyeshe.

Tuliiacha pale nje, hatukuiingiza. Banda letu lilikuwa jembamba, na kila pikipiki tuliyoiingiza tulikunja usukani wake kushoto ili ipite nyuma ya benchi. Kushoto bandani, kushoto kwenye mzunguko. Nilipiga kiki, ikawaka. Nikashika usukani nikaugeuza kushoto mpaka mwisho. Inanguruma. Nikaunyoosha. Inanguruma. Nikaugeuza kulia.

Ikafa.

Nikaupapasa ule mshipa wa nyaya shingoni kwa vidole viwili. Ngozi ya waya ilikuwa nzima, nyeusi, haina hata mkwaruzo. Lakini karibu na pale unapopinda nilihisi mahali pamoja palipolegea, kama mfupa uliovunjika ndani ya ngozi. Shaba ilikuwa imekatika. Usukani ukinyooka ncha zinagusana. Ukienda kulia zinaachana, cheche inakufa, na hata zikigusana zinagusana vibaya, chaji inapita kama maji kwenye mpira uliokanyagwa. Ndiyo maana betri ilikuwa dhaifu kila mara. Na pale Kachibora Wekesa alipiga kiki mpaka mguu ukaisha kwa sababu alikuwa anapiga usukani ukiwa bado umegeukia njia ya mama. Wakiipakia kwenye lori wanaunyoosha, inapona.

Hapo, vijana, msisokote ncha mbili na kuzifunga utepe. Mtu mvivu hufanya hivyo na waya unakatika tena mwezi ujao, kidole kimoja kutoka pale. Vuteni waya mpya kutoka chini ya kiti mpaka kwenye taa, mzima, bila kiungo shingoni. Uacheni mrefu kidogo ujikunje kwa duara pana. Ufungeni mbali na kona ya chuma. Halafu geuzeni usukani mara mia, kulia na kushoto, injini ikiwaka, mkiutazama mshale. Mimi niligeuza zaidi ya mia. Fundi Kartar alikuja akaugeuza mara tatu, akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda lori la asubuhi kwenda Kachibora. Ningeweza kupanda nyuma ya Wekesa. Sikutaka. Niliogopa kwamba nikiwa pale nitasikiliza kila kitu na nitamfanya aogope pia.

Mama alikuwa nje, mguu umewekwa juu ya kigoda, umefunikwa kitambaa, na nzi wameshajua.

"Umekuja kuniona mimi au kuona barabara?" akaniuliza, kwa maana nilikuwa nimemsalimia nikimpa mgongo.

"Nimekuja kukuona, Maitu."

"Basi nigeukie."

Nikamgeukia, nikageuka tena. Nilitembea mpaka kwenye ua wa minazi... nasema minazi! Mnaona ninavyoharakisha, ua wa mikaratusi, hakuna minazi huko. Nilitembea mpaka kwenye mikaratusi nikarudi. Nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Nikaenda tena. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milima ya Cherangany na nikaanza kuhesabu matope. Saa aliyozoea kufika ikapita. Mama alimenya viazi.

Kisha nikaisikia, mbali, chini, sauti ya silinda moja ikipanda kutoka sokoni. Niliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha ndugu yake. Ikaja. Ikafika kwenye ile sehemu ya mawe. Ikakaribia pale njia inapoacha barabara, na sauti ikashuka, ikashuka zaidi, nami nikashika mti. Alikuwa anapunguza moto akate kona. Nilijua ni hilo tu.

Ikapanda tena, kali, ikija kwetu.

Wekesa aliingia uani akiwa amejaa matope mpaka kwenye kofia, akicheka. "Imekataa kufa, Fundi! Nimekata kuria kama ngedere!"

Halafu akaona mguu, akaacha kucheka. Alinawa mikono, akachutama, akafungua kitambaa. Alibonyeza kwa kidole gumba juu, karibu na kifundo, akashuka polepole, na alipofika katikati mama alipiga yowe na kumchapa begani kwa fimbo yake. Wekesa hakukwepa.

"Hapa kuna uhai," akasema. "Na hapa." Akafika kwenye kidole cha mwisho, kile kidogo, na kingine kando yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mama alikuwa anatazama mikaratusi.

"Mama, unasikia?"

"Umeanza?" mama akauliza.

Mguu ulibaki. Alitembea nao shambani miaka mingine mingi, akipanda na kuvuna, akinipita mimi kwa mwendo. Vile vidole viwili vilitoka wiki hiyo hiyo, na Wekesa akaendelea kuja kila Alhamisi mpaka nyama ikajaa.

Kabla sijarudi Kitale mama aliniuliza ile pikipiki ilikuwa na ugonjwa gani. Nikamwambia ni waya, waya mmoja uliokatikia ndani, mahali pasipoonekana. Akatikisa kichwa, akasema mashine ni ngumu kweli. Sikumwambia kwamba mwenye pikipiki alikuwa amenieleza ugonjwa wenyewe siku ya kwanza.